Dakika Tano za Omukitoma

Benchi la Omukitoma lilikuwa la kanisa kabla halijawa la kahawa. Wakatoliki walilitoa kigangoni lilipovunjika mguu, Mlutheri mmoja akalipigilia msumari, na tangu hapo limekaa njiapanda ya kwenda Igurwa, mbele ya duka ambalo mwenyewe alishahamia mjini, likibeba makalio ya madhehebu yote mawili bila ubaguzi. Jumamosi hiyo ya kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye majamvi kila ua, walikaa wanne. Kichwani mwa benchi alikuwa Mwalimu Aristides, mstaafu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na saba. Wanamwita Ikweta, kwa kuwa hajawahi kumaliza hoja bila kuupitia mstari huo. Akafuata Projest, mkamuaji wa pombe ya ndizi, na jina lake la kijiweni ni la pombe hiyohiyo, Rubisi. Lameck wa bodaboda, yaani Taarifa, hakai kwenye benchi hata siku moja. Hukaa juu ya pikipiki yake, mguu mmoja chini, tayari kuondoka na habari au kuileta. Na mwisho kabisa, upande wa ule msumari, alikaa Pastory, mwenyekiti wa kitongoji, anayetembea na muhuri mfukoni mwa koti masika na kiangazi, ndiyo maana wakamwita Muhuri. Birika lilikuwa juu ya jiko la mkaa na vikombe vimefunikwa kitambaa. Mwenye birika hakuwapo. Verdiana, ambaye kila mtu humwita Mama Dastan, aliondoka na madumu yake saa kumi na mbili alfajiri, akawaachia agizo moja tu: jimiminieni, nakuja.

— Nyie mnakunywa tu, alisema Taarifa. Ramani mmeiona?

— Ramani ipi tena? aliuliza Rubisi.

— Ya halmashauri. Imebandikwa ofisi ya kata jana. Nimeipiga picha. Hebu tazameni Omukitoma.

Vichwa vitatu vikaikusanyikia simu. Ng'ambo ya bonde, upande wa Bweranyange, palikuwa pekundu. Rugu palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Omukitoma palikuwa kijani kitupu, kama jani la mgomba lililotoka kuoshwa na mvua.

— Kijani ni nzuri, alisema Rubisi. Kijani ni afya.

— Kijani ni balaa, mzee wangu. Nyekundu ndiyo dili. Yule mfanyabiashara wa Bukoba, mwenye kutaka kujenga kiwanda cha kukoboa kahawa, kaambiwa hivi: ukijenga penye nyekundu, pale walipoachwa nyuma, ushuru tunakusamehe miaka mitano na barabara tunakuchongea. Ukijenga penye kijani, utalipa kama wenzako. Wewe ungekuwa yeye, ungejenga wapi?

Rubisi alikirudisha kikombe chini bila kukimaliza. Kwa Rubisi hilo ni jambo kubwa.

Pastory hakuwa na haja ya kuchungulia simu ya mtu. Jana yake alikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya kata, na alisimama mbele ya karatasi ile mpaka mtendaji akamhurumia akamletea kiti. Alikuwa amesikia habari za ramani ya kompyuta tangu watu wa halmashauri walipoanza kuzunguka na vishikwambi, lakini kusikia ni kitu kimoja. Aliona kilima chao kikiwa kimelala chali, na kila kibanja cha migomba na mipaka yake. Aliona paa lake mwenyewe, kidoti cheupe kisichozidi punje ya mchele, na kijia kile chembamba ambacho marehemu baba yake alikuwa akipita kwenda kuuza ndizi. Njia ya baba yake ilikuwa imeandikwa na serikali. Machozi yalimlengalenga, na aliona fahari kubwa kuishi mpaka siku ambayo mtu anaweza kukaa juu mbinguni huko na kuitambua nyumba ya Pastory.

Kisha akaiona rangi, na furaha yote ikamtoka. Wiki mbili tu zilizopita alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, mbele ya Walutheri na Wakatoliki waliokuja kusikiliza, akawaambia kiwanda kinakuja Omukitoma, nawahakikishia mimi. Wanawake wa kikundi cha kuchambua kahawa walipiga vigelegele. Mkewe Mackrine, ambaye si mtu wa vigelegele, naye alipiga. Watu walianza kusema kwamba mwaka huu hawauzi tena kahawa ikiwa maua mtini kwa walanguzi; wataisubiri iive, ikobolewe hapahapa. Marekebisho ya ramani yalikuwa yanapokelewa mpaka jioni ya leo. Baada ya hapo inafungwa, na kiwanda kitakwenda ng'ambo ya bonde.

— Kosa liko wapi sasa? alisema Pastory. Maana sisi na wale wa ng'ambo tuna shida zilezile. Zahanati yao ndiyo yetu. Umeme wote hatuna.

— Mabati, alisema Taarifa, kama mtu aliyelisubiri swali. Setilaiti inahesabu mabati. Mwaka juzi kahawa ilipokubali, kila mtu hapa kaezeka upya. Bati la mama mkwe wako, Rubisi, linawaka mpaka ndege wanazunguka mbali. Kule juu wanaona mng'aro tu, wanasema hawa wamejipata.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo leo hii, kabla ya jioni, tuyapake tope.

— Nani atapanda bati la mama mkwe wangu kulipaka tope? Wewe?

Taarifa alifikiri kidogo, akasema hilo litahitaji mtu wa nje ya ukoo.

— Sio mabati, alisema Rubisi. Ni migomba. Nyumba zetu ziko ndani ya vibanja, chini ya migomba. Kamera ikitazama kutoka juu haikuoni wewe wala suruali yako iliyochanika. Inaona majani. Inasema, hawa chakula wanacho, tupite. Kule ng'ambo ugonjwa wa mnyauko umewamalizia migomba, ndiyo maana wanaonekana.

Hoja hiyo ilikuwa na akili ndani yake, na kijiwe kizima kikaikubali. Pastory alimtazama Rubisi kwa jicho jipya. Lakini Rubisi hana tabia ya kuiacha hoja ikiwa bado nzima.

— Dawa yake ni kuyakata majani yote, aliendelea. Siku moja tu. Tubaki uchi. Wakishapiga picha, migomba itaota tena.

— Na ndizi utaziivisha kwa majani gani? Pombe utaikamua kutoka wapi? aliuliza Mwalimu Ikweta.

— Mimi nilikuwa nasema migomba ya watu wengine.

Wakacheka, wakamiminiana kahawa. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na wote wakajua mstari unakuja.

— Nyote hamjasoma, alisema. Hapa tulipo ni digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Setilaiti inapita juu ya ikweta yenyewe. Maana yake haitutazami usoni, inatutazama ubavuni. Ukimpiga mtu picha ya ubavu, utajua kama ana njaa?

— Tumbo si linaonekana vizuri zaidi ubavuni, mwalimu? alisema Taarifa.

— Usinikatize. Pili, kivuli. Kiangazi hiki jua liko kaskazini, picha imepigwa ikiwa imeinamia huko. Shida zetu zimeangukia upande wa pili wa mpaka. Mimi nina hakika kabisa kwamba umaskini wa Omukitoma umehesabiwa Uganda.

— Mawe, mama yangu! alisema Rubisi. Yaani Waganda watajengewa kiwanda kwa shida zangu mimi?

— Kisayansi, ndiyo.

Pastory alitikisa kichwa. Alikuwa anataka kucheka na alikuwa anataka kulia, na saa yake ya mkononi ilikuwa inakwenda. Alijimiminia nusu kikombe. Birika lilikuwa limeanza kuwa jepesi.

— Mama Dastan leo vipi? alisema Mwalimu. Kahawa inaisha hii.

— Yuko kisimani, alisema Taarifa. Wanawake wakikutana kisimani ni kikao kamili. Kuna kufungua, kuna mengineyo, kuna kufunga.

— Wangekuwa wanaandika muhtasari, tungejua siri za kata nzima, alisema Rubisi.

Wakacheka wote, na Pastory akacheka pamoja nao. Baadaye alikikumbuka kicheko hicho.

— Mnajua shemeji yangu yuko Kyerwa, alisema Taarifa. Ananiambia mitambo ya siku hizi haitazami tu. Inasikiliza. Usiku inapima kelele. Penye kicheko inaandika kijani.

— Hapo sasa, alisema Rubisi. Tumejimaliza wenyewe. Hiki kijiwe kinacheka kuliko harusi.

— Basi kuanzia leo tukae tunaugua, alisema Mwalimu.

Rubisi hakungoja kuombwa. Akashika kiuno na kuguna kwa sauti ambayo mbuzi wa jirani aligeuka kuitazama. Taarifa akaongeza kikohozi. Mwalimu, baada ya kuhakikisha hakuna mwanafunzi wake wa zamani anayepita, akapiga kite kimoja cha heshima.

— Hiyo haitoshi, alisema Taarifa. Tuchukue majivu, twende uwanja wa mpira, tuandike kwa herufi kubwa: TUNA SHIDA. Goli hadi goli.

— Kwa mwandiko wako? alisema Mwalimu. Watasoma TUNA SHIBA.

Walikuwa bado wanabishana ukubwa wa herufi pale pikipiki ilipopanda kilima na kusimama mbele yao. Aliyeiendesha alivua kofia ngumu, na akawa msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vyake vya mvua vimejaa vumbi jekundu, mkoba wa turubai umemkaa begani. Rubisi alikuwa bado kashika kiuno.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, marahaba, walijibu kwa pamoja, na Rubisi akapona papo hapo.

— Naitwa Noela, natoka halmashauri, kitengo cha ramani. Nazunguka kupokea marekebisho. Nimeambiwa mwenyekiti nitampata hapa.

Pastory alisimama, akapangusa benchi kwa kiganja, akamkaribisha mahali pake, akamwonya kuhusu msumari. Alimpenda binti huyo kabla hajasema neno la tatu. Huyu ndiye aliyekuwa ameiandika njia ya baba yake.

— Wewe ndiye uliyechora? aliuliza. Wewe mwenyewe? Mwenyeji wa wapi?

— Tulichora watu wengi, mzee. Mimi kwetu Muleba. Vilima vya huku Karagwe nimevijua kwa miguu, mwezi wa nne na wa tano.

— Kwa miguu! Pastory aliwageukia wenzake kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnadani. Mnasikia? Na nyie mnasema setilaiti.

— Setilaiti ipo pia, alisema Noela, na akatoa kishikwambi chake. Lakini mngoje niwaambie inavyofanya kazi. Mama zetu wakipika ndizi, si wanafunika chungu kwa majani? Jani juu ya jani?

— Ndiyo.

— Basi ramani hii ni hivyohivyo. Kila jani ni jambo moja. Jani la kwanza ni barabara, inapitika au haipitiki. La pili zahanati, iko mbali kiasi gani. La tatu umeme, la nne shule, la tano maji. Kompyuta inayapanga moja juu ya jingine, halafu inatazama kutoka juu. Mahali ambapo shida imelala juu ya shida, rangi inaiva, inakuwa nyekundu. Hakuna mtu anayechagua rangi. Hata mkurugenzi hawezi kuipaka.

Mwalimu Ikweta alivaa tena miwani yake. Miaka thelathini na saba alichora ramani ya Tanzania ubaoni kwa chaki, kila mwaka akiifuta, na hakuwahi kufikiri kwamba ramani inaweza kuwa na jani la zahanati.

— Kwa hiyo hata mjumbe au tajiri hawezi kuihonga? aliuliza.

— Utaihonga nini, mwalimu? Inasema kile tu ilichoambiwa.

— Huo ni ufundi, alisema Mwalimu taratibu. Waitu, wenzangu, huo ni ufundi mkubwa.

— Sasa binti yangu, alisema Pastory, tusaidie. Sisi tumetoka kijani. Jani gani limekosea?

Noela aligusa kioo, na kilima cha Omukitoma kikajaa kishikwambi kizima. Akaanza kuyafungua majani moja moja. Barabara: nyekundu. Zahanati: nyekundu. Umeme: nyekundu. Shule: ya chungwa. Kila alipofungua moja, Rubisi alipiga makofi kwa furaha kama timu yake imefunga. Alipofungua la mwisho, kilima kizima kikawa kijani.

— Ni hili, alisema. Maji. Maji yana uzito mkubwa kwenye hesabu yetu, kwa sababu mtu mwenye maji karibu ana muda wa kufanya mengine. Fomu yenu inasema hivi: kaya themanini na nne, chanzo cha maji ni chemchemi ya Rwempiri, muda wa kwenda ni dakika tano. Imejazwa na mwenyekiti. Ina muhuri.

Hakuna aliyemtazama Pastory, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kumtazama.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Masika ya mwezi wa nne, fomu zikaletwa, maelekezo yakiwa apite kaya kwa kaya. Mvua ilikuwa inanyesha. Akaona, nyumba kwa nyumba za nini wakati watu wenye akili wote wako hapa? Waliijaza pamoja hapahapa kwenye benchi, yeye na Mwalimu na Rubisi na Taarifa. Barabara walibishania nusu saa. Zahanati Taarifa alizitaja kilomita mpaka vipande. Walipofika maji hakuna aliyebisha. Rwempiri, dakika tano, twende swali linalofuata. Mama Dastan alikuwa amesimama hapo nyuma yao anawamiminia kahawa.

— Lakini ni kweli, alisema Pastory. Ni dakika tano, mwanangu. Mimi nimechota pale utoto wangu wote. Unashuka nyuma ya kanisa, umefika.

— Mimi pia nimechota pale, alisema Rubisi.

— Maji matamu, alisema Mwalimu. Baridi mpaka meno.

— Sawa wazee. Sijaja kubisha, alisema Noela. Kama ni dakika tano, basi ramani iko sahihi na mimi nitaondoka. Akafunga kishikwambi. Ila kabla sijaondoka, naomba kikombe kimoja. Tangu asubuhi sijaweka kitu tumboni.

Pastory aliliinua birika kwa mikono miwili, kama inavyostahili mgeni. Likatoa kidogo, likakohoa, likatoa machicha meusi, likakauka. Kilichopatikana hakikufika hata nusu ya kikombe. Aibu ya kumnyima mgeni kahawa, katika nchi ya kahawa, ikampanda mpaka masikioni.

— Tusamehe, mwanangu. Mwenyewe hayupo. Kafuata maji.

— Hakuna neno. Nitamsubiri. Katoka saa ngapi?

— Alfajiri, alisema Taarifa. Saa kumi na mbili. Mimi ndiye niliyempisha njiani.

Noela alitazama saa yake. Hakukusudia ubaya wowote. Alikuwa mtu wa hesabu na alikuwa na kiu.

— Sasa hivi ni saa nne. Kwenda dakika tano, kurudi dakika tano, alisema. Mbona hajarudi?

Taarifa alifungua mdomo. Utani wa kikao cha kisimani ulikuwa tayari mdomoni, lakini alipoupima akaona ni saa nne nzima, akaufunga mdomo. Rubisi alikuna goti. Mwalimu Ikweta alitazama kaskazini, iliko ikweta, na huko hakukuwa na msaada. Watu ambao asubuhi hiyo walikuwa wameieleza setilaiti, kivuli cha jua na masikio ya mitambo ya usiku, hawakuwa na jibu la mahali alipo mwanamke anayewapikia kahawa kila siku.

Pastory alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa linamjia polepole, kutoka nyuma. Alikumbuka dumu la nyumbani kwake, ambalo limejaa kila anaponawa, na kwamba hajui linajazwa saa ngapi. Alikumbuka Mackrine akisema, mwaka juzi au mwaka wa kabla yake, kwamba Rwempiri imebaki tope la ng'ombe, na yeye akajibu mvua zitakuja. Alikumbuka mkutano wa kitongoji, Mama Dastan kanyoosha mkono, anasema kuna jambo la maji, na yeye mwenyewe, Mwenyekiti Pastory, anamjibu mama keti, tutaliweka kwenye mengineyo. Mvua ikanyesha kabla ya mengineyo. Hakuwahi kumwuliza tena.

Ndipo Verdiana akatokea kwenye kona ya kanisa. Dumu moja kichwani, dumu moja mkononi, anabadilisha mkono kila hatua kumi. Kanga ilikuwa imemganda mgongoni kwa maji na jasho. Alipowaona wote wamesimama wanamtazama, akaongeza mwendo. Akafika, akapiga goti kidogo kuteremsha dumu, na kabla hajapumua vizuri akawaomba radhi.

— Nisameheni, baba zangu. Nimewakalisha bila kahawa.

Wote wakainamisha macho kwenye madumu. Verdiana akadhani wamekasirika.

— Foleni leo ilikuwa ndefu, aliongeza. Nisameheni kweli.

— Shikamoo mama, alisema Noela. Pole sana. Samahani, maji mmechota wapi, na kutoka hapa ni mwendo wa muda gani?

Verdiana alimtazama mgeni, akatazama kishikwambi, akatazama koti la mwenyekiti na mfuko wake wa muhuri. Alikuwa mwanamke aliyelelewa. Mkubwa wa mahali akiwapo, mdogo hamsemei.

— Mwulize mwenyekiti, alisema. Yeye ndiye anayejua.

Alilisema kwa heshima zote, bila kejeli hata chembe, na Pastory angeona afadhali angetukanwa. Alisikia uso wake ukiwaka. Alitia mkono mfukoni, akaushika muhuri, akauacha.

— Mimi sijui, alisema.

— Mzee?

— Sijui, mwanangu. Niliandika maji ya utoto wangu. Yale tunayokunywa sasa siyajui yanatoka wapi. Futa hizo dakika tano.

Noela hakucheka, wala hakumhurumia kwa namna ya kumdhalilisha, na kwa hilo Pastory alimshukuru moyoni siku nyingi.

— Kufuta kwa maneno siwezi, mzee. Ni lazima mtu aitembee njia na hiki kishikwambi, kutoka hapa mpaka kwenye maji na kurudi. Kinachora mstari chenyewe na kuhesabu muda chenyewe. Mstari ukiingia kabla ya jioni, lile jani la kijani litaondoka. Rangi itageuka yenyewe, mimi sitaigusa. Nilikuwa nimepanga kuitembea mimi.

— Wewe keti unywe kahawa. Umetembea vilima vya watu vya kutosha.

Pastory alivua koti, akalikunja na muhuri wake ndani, akaliweka juu ya msumari. Akajitundika mkoba wa kishikwambi shingoni. Akaliendea dumu la Verdiana, akalimimina lote kwenye pipa lake lililokaa kando ya jiko bila kumwaga tone, kwa sababu sasa kila tone alikuwa analiona. Akabaki na dumu tupu mkononi, amesimama njiapanda ya kitongoji alichokiongoza miaka kumi na mmoja.

— Mama Dastan, alisema. Naomba unielekeze njia.

Verdiana alishika mdomo. Halafu akanyoosha mkono.

— Shuka nyuma ya kanisa mpaka Rwempiri. Usisimame, ni tope. Fuata bonde, vuka shamba la misheni, panda kilima cha pili. Hapo juu utaona miti mingi, utafikiri umefika. Bado, baba. Hapo ni nusu.

Rubisi alisimama. Akatazama kushoto na kulia, akalichukua lile dumu la pili lililokuwa limebaki na maji, akalimimina pia, akamfuata Pastory. Taarifa akapiga stata.

— Pikipiki haipiti, alisema Verdiana.

Taarifa akaizima, akashuka, na kwa mara ya kwanza watu wa Omukitoma wakaona jinsi anavyotembea. Mwalimu alibaki kwa ajili ya magoti yake. Akajisogeza mpaka mahali pa Pastory, kando ya koti, akamsaidia mama kupuliza mkaa.

— Niwawekee kahawa ya saa ngapi? Verdiana aliwapigia kelele wakiwa wameshafika kona ya kanisa.

Pastory aligeuka. Kishikwambi shingoni kwake kilikuwa kimeshaanza kuchora mstari mwembamba, kutoka kwenye benchi kwenda chini.

— Wewe ndiye unayejua! alimjibu.

Verdiana alitazama jua, akatazama miguu ya wale wanaume watatu, akahesabu.

— Kama hamtasimama kupiga soga huko kisimani, alisema, saa nane.